Nilifungia Karanga Daftari la Mwanangu

Mimi ndiye mkosaji, na sitaki mtu anitafutie sababu. Mwanangu alipewa daftari la kumsaidia kuhama shule, mimi nikalichana nikafungia karanga. Ndiyo, karanga!

Tumwite Kabula, maana jina lake nalificha kama langu. Yuko darasa la tatu na ana kigugumizi. Tulipokuwa Maganzo, dada mmoja wa ustawi wa jamii alikaa naye na mwalimu wake mpaka mtoto akazoea kujibu darasani. Aliposikia tunahamia Geita kwenye rashi, machimbo mapya ya dhahabu, akaniletea daftari.

"Humu tumeandika yote, mama. Siku ya kwanza mpe mwalimu mpya, mkononi."

Nikaitikia. Jamani, kuitikia naweza!

Tulipofika nikampeleka shule mbio mbio, daftari nimeliacha kwenye kibanda changu cha karanga. Nitalipeleka kesho, nikasema. Kesho yake wachimbaji wakajaa, makaratasi ya kufungia yakaisha, nikaanza na kurasa nyeupe za nyuma. Halafu nikazifikia zilizoandikwa. Wala sikusoma!

Kumbe huko shule mwanangu anasimamishwa mbele ya wenzake. Mwalimu anauliza, mtoto anahangaika na neno la kwanza, mwalimu anadhani ni kiburi. Darasa linacheka. Wiki ya tatu akagoma kwenda, akawa anashinda na mimi kibandani. Nami nikafurahi nimepata wa kunisaidia kupima. Mjinga mimi!

Siku moja mzee mmoja mchimbaji, mteja wangu, alimaliza karanga zake akaikunjua karatasi.

"Mama Kabula, mbona hapa pana jina la huyu mtoto?" Akasoma: "Kabula majibu anayajua. Akikwama..." Karatasi ilikuwa imechanika hapo.

Kabula akainua kichwa. "M-m-msi... msi-m-m..."

"Hebu mpimie mzee nyingine!" nikamkata.

Yule mzee akaniangalia, akaniita mama kwa Kisukuma: "Subiri, mayu. Mtoto alikuwa anamalizia."

Kabula akaichukua ile karatasi, akavuta kalamu yangu, akaandika palipochanika: *msimkatishe*. Machozi yanamtoka. Daftari lote alikuwa nalo kichwani!

Tangu siku hiyo situlii. Nikitembea naokota kila karatasi iliyotupwa, naikunjua, natafuta mwandiko ule. Nilimpigia dada wa Maganzo nikamweleza ukweli, akamtuma mwenzake wa huku. Huyo akaandika daftari jingine, akaenda nasi shule. Kabula amerudi darasani, na mwalimu anamsubiri mpaka amalize. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini daftari jipya, mwalimu alipokwisha kulisoma, analilalia mwenyewe, nikiligusa ananinyang'anya.

Nyie wenzangu mnaohamahama kufuata machimbo, nawasihi! Kabla hujashusha godoro, ulichopewa kwa ajili ya mtoto kifikishe kwa mwalimu. Na mtoto akianza neno, nyamaza mpaka alifikishe mwisho.

Mimi sasa niko tayari kumsubiri wangu hata kutwa nzima. Kwa mwalimu anaongea. Kwangu mimi anaitikia kwa kichwa tu, neno halianzi.