Mto Uliokula Sauti Yangu

Sisi tulikaa chini kabisa, nyumba tisa kando ya mto, mahali maji yanapoanguka kwenye mawe. Gatitu ilikuwa juu yetu, mwendo wa nusu saa, lakini watu wa huko hawakushuka kwetu bila sababu. Kwa sababu ya kelele za ule mto, sisi wote tuliongea kwa kupaza sauti. Hata salamu ilikuwa kama ugomvi. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Niliulizwa jambo, nikajibu, kisha nikaulizwa tena, mpaka nikazoea kunyamaza.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Nilimaliza shule ya msingi, nikakaa mwaka mzima nikipalilia nduma za baba, yale magimbi ya kando ya mto. Kila siku nilipanda mpaka barabarani na kushuka tena bila sababu. Miguu tu ilikataa kutulia. Ndipo mama mmoja fundi wa nguo pale Gatitu akaniambia, "Nina cherehani moja haina mtu. Nisipokuona Ijumaa, nampa mwingine. Lakini baba yako akubali kwanza, sitaki maneno."

Jumatatu nilimwambia baba tukiwa kwenye nduma.

"Ati nini?"

Nikarudia.

"Paza sauti, wewe msichana! Mdomo umeuficha wapi?"

Nikainama, nikaendelea kung'oa magugu. Jumanne ikapita hivyo, na Jumatano. Alhamisi nilimwomba mama yangu anisemee, akakataa. "Kama huwezi kuongea na baba yako, utaongeaje na wateja?"

Ijumaa asubuhi nilimshika baba mkono wa koti. Sikuwa nimemshika hivyo tangu nikiwa mtoto, na alidhani nimeona nyoka. Nikamvuta tukapanda, yeye na panga lake, akiuliza kuna nini, mpaka barabarani, ambako mto hausikiki. Hapo nikasema yote, nikiangalia vidole vya miguu yangu.

Alihamishia panga mkono wa pili. Halafu akajibu kwa sauti ileile ya bondeni: "Kushona? Na umekaa nalo wiki nzima?"

Akina mama waliokuwa wakienda sokoni walisimama. Mmoja akacheka. "Mzee, mpaka watu wa kule mjini Wamagana wamekusikia!"

"Wasikie! Msichana wangu anaenda kushona! Nduma nitapalilia mwenyewe!"

Masikio yalinichoma kwa aibu. Sikungoja aseme lingine. Nilikuwa na tope mpaka magotini, lakini nilishika njia ya Gatitu hivyo hivyo, nusu nikitembea, nusu nikikimbia, nikihofu kwamba mtu mwingine ameshakaa kwenye kiti cha ile cherehani.