Fundi Anayemsubiri Malkia

Niliposhuka basi mkoba wangu ulikuwa umechanika, nikaelekezwa kwa fundi cherehani mmoja. Nilimkuta akibishana na binti wa kaka yake kuhusu riwaya za majoka walizopenda kusoma.

"Kitabu kijacho malkia anakufa," alisema binti.

"Thubutu!"

Fundi aliushona mkoba kwa kupapasa, kwa sababu ya mtoto wa jicho. Nimezunguka miji mingi, lakini mshono ulionyooka vile sijauona. Alikuwa ameukwepa upasuaji kwa woga, mpaka kitabu hicho kilipotangazwa, akataka kukisoma mwenyewe.

"Ningekusomea, shangazi."

"Wewe? Unaruka kurasa za vita!"

Teksi ya kumpeleka hospitali ilipiga honi. Alitoka, wala hakugeuka.

Nilibaki na binti.

"Malkia hafi," aliniambia, huku akiitazama teksi ikiondoka.