Shahidi Aanze

Nyuma ya duka la saa hakuna nyundo inayolia tena. Kwa miaka ishirini na miwili ililia kuanzia saa moja asubuhi, ko, ko, ko, kikaja kimya kifupi cha kugeuza jiwe, halafu ko nyingine. Wa mtaani tuliizoea hata tukasahau kwamba kuna mtu aliyeishika. Sasa uani kimebaki kigoda cha mbao, tairi kuukuu la kuzungushia mawe yasiruke, na rundo la kokoto ambalo hakuna mwashi anayekubali kulinunua.

Tulimwita Mama Kokoto. Alikuwa mfupi, mabega mapana, kidole gumba cha kushoto kimebonyea kama kijiko kwa nyundo zilizokosea. Mumewe alikufa machimboni chini ya jabali, na wiki tatu baadaye alikwenda machimbo yaleyale kuagiza lori lake la kwanza la mawe. "Yameshamla mume," alisema, "sasa yanilishe mimi." Aligonga jiwe kidogo, akalisikiliza, ndipo akalipasua. Marundo yake yalikuwa matatu: ya zege, ya sakafu na ya msingi. Haya ya msingi, kila moja lilijaza viganja viwili.

Dirisha la nyuma la duka la saa lilitazama uani kwake. Fundi saa alikuwa Myahudi, mmoja wa wachache waliobaki mtaani, na kila alasiri marafiki zake wawili walikuja kunywa chai naye: katekista wa kanisa la kona na maalimu wa madrasa. Walibishana dini mpaka chai ikapoa. Mama Kokoto alisikiliza huku akipiga.

"Leo mnamuua nani?" aliwauliza siku moja kupitia dirishani.

"Mtoto mkaidi," alijibu fundi saa, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. "Torati inasema apigwe mawe mpaka afe. Wazee wetu wa sheria wakaiwekea aya hiyo masharti. Baba na mama walingane sauti, walingane kimo, walingane sura. Mwisho wakasema mtoto wa namna hiyo hajawahi kuwepo wala hatakuwepo."

"Wajanja hao. Na mzinzi?"

"Mashahidi wawili, wawe wamemwonya kabla, naye awe amewajibu kwamba amesikia. Halafu shahidi mwenyewe ndiye aanze. Baraza lililoua mtu mmoja kwa miaka saba waliliita katili. Mzee mwingine akasema, hata kwa miaka sabini."

"Kwetu wanne," maalimu akadakia. "Waadilifu, walioona tendo lenyewe kwa macho, si waliosikia kitanda kikilia. Wakija watatu wanachapwa wao, viboko themanini kila mmoja. Na shaka ikiingia, adhabu inatoka. Kitabu chenyewe kimetaja viboko. Mawe tumeyapata katika hadithi za Mtume, na wanazuoni wengi wameyakubali. Lakini kwa mlango mwembamba hivyo, nani atapita?"

"Sisi tuliambiwa asiye na dhambi aanze," alisema katekista. "Wakaondoka mmoja mmoja, wazee wakitangulia."

"Nyinyi mmejipunguzia kazi!" alisema fundi saa. "Na wale mliowachoma moto wakiwa hai, waliondoka pia?"

Katekista alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka. "Waliowachoma nao walikuwa wanasoma maneno hayohayo," alisema taratibu.

Mama Kokoto alicheka. "Kwa hiyo wote watatu mna vitabu vya kuua, na wote watatu mnashinda mkitafuta namna ya kutoua. Si mngefuta tu, jamani?"

"Maneno ya Mungu hayafutwi, mama," alisema maalimu. "Yanasomwa na watu wanaoogopa."

"Na wasioogopa wakiyasoma?"

Fundi saa alitoa kioo jichoni, akakifuta kwa pindo la shati.

Katika mabishano yote hayo neno moja lilimkaa Mama Kokoto: shahidi aanze. Alilipenda kama mtu anavyopenda chombo kizuri cha kazi. "Hilo limetungwa na mtu anayejua mawe," alimwambia fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha pembeni, ambaye jioni walikaa pamoja kuchambua mboga. "Mdomo unadanganya bure, mdogo wangu. Ila mpe mwongo jiwe zito, mwambie atupe yeye. Mkono utamtetemeka."

"Kuna mikono haitetemeki, dada," alijibu fundi cherehani. Mume wake alikuwa mpakizi wa malori, na alimjua.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, mpakizi alirudi nyumbani ghafla na mdogo wake. Chumbani walikuta shati la kiume. Lilikuwa na pini kwenye pindo na mistari ya chaki mgongoni, kama nguo yoyote iliyopelekwa kwa fundi kupunguzwa. Mpakizi alilipepea barabarani akipiga kelele: shati la mwanamume chumbani kwa mke wangu! Pini zikadondoka njiani. Hakuna aliyeinama kuzitazama.

Akamburuta mkewe kwa nywele mpaka uani, kwa sababu uani ndiko kulikokuwa na mawe. Watu walikuja, waumini wa dini zote tatu, na siku hiyo hakuna aliyeuliza dini ya mwenzake. Mtu akamrarua blauzi. Mwingine akampiga teke la mbavu, kukatoka mlio kama wa kuni kavu. Bado mawe yalikuwa chini. Wengi walikuwa wanapiga kelele tu, na wawili watatu wa nyuma walikuwa wameanza kuondoka.

Mama Kokoto akapanda juu ya rundo la msingi, nyundo mkononi.

"Haya mawe ni yangu!" alisema. "Anayelitaka moja aniambie, shahidi nani? Sheria inasema shahidi aanze. Nani ameona? Aje aanze yeye!"

Saa za ukutani zilisikika dukani. Fundi cherehani aliinua uso wenye damu, akamtazama rafiki yake, na Mama Kokoto akaona macho yale yameanza kuamini. Kimya kilidumu muda wa kupasua jiwe moja.

"Mimi," alisema shemeji, mdogo wa mpakizi. "Nimeona kwa macho yangu."

Akainama, akachagua, akalipima jiwe kiganjani. Mkono haukutetemeka. Lilimpata fundi cherehani juu ya sikio, akakaa chini polepole kama mtu aliyechoka.

"Shahidi ameanza!" mtu akapiga ukelele. Wale waliokuwa wanaondoka wakarudi. Hawakupiga kelele tena. Walikuja kwenye rundo mmoja baada ya mwingine, wakachukua, wakatupa, wakapisha.

Mama Kokoto aliruka, akampiga shemeji nyundo ya kifundo cha mkono, mfupa ukatoka nje ya ngozi. Akampiga tena palepale. Maalimu alitokea mbio, kanzu imekunjwa, akilia, "Wanne! Wako wapi wanne?" Jiwe likamvunja meno matatu. Katekista alikuwa makaburini akizika. Fundi saa alikuwa dukani. Baadaye alisema mikono yake ilishusha mlango wa chuma kabla yeye hajaamua. Umati ulipotawanyika, fundi cherehani hakuwa na uso wa kufunikwa.

Polisi walisema hawawezi kujua jiwe lipi lilitupwa na nani. Nyundo ndiyo iliyokuwa na mwenyewe. Shemeji alifika mahakamani na mkono uliokatwa chini ya kiwiko, akaapa kwamba amri ilitoka kwa mama yule. Wakili wa utetezi alikuwa amemwomba Mama Kokoto kitu kimoja tu: akane maneno, na nyundo aseme alijitetea. Angerudi nyumbani.

"Ulisema shahidi aanze?" aliuliza mwendesha mashtaka.

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ataona aibu. Walikuwa hawajui waanzie wapi, baba. Mimi nikawaonyesha."

"Na nyundo?"

"Nilimpiga mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kumzuia. Ya pili haikuwa ya kumzuia."

Wakili akafunga jalada lake. Maalimu, mdomo bado umevimba, alimfuata Mama Kokoto mlangoni akitaka kumwambia kwamba sheria haikuwa vile, kwamba shahidi mmoja hajawahi kutosha katika kitabu chochote kati ya vile vitatu.

"Najua, maalimu," alisema. "Nilikuwa nawasikia kila siku. Ningeuliza wawili. Ningeuliza wanne. Nilikumbuka nusu tu."

Sasa yuko gereza la wanawake, mwaka wa pili kati ya sita, na amepangiwa kupalilia mboga.