Sahihi Niliyokataa Kutia

Siku yangu ya kwanza kazini, Fomeni, msimamizi wetu, alinipeleka kwenye tangi kubwa la mafuta hapa Changamwe, akanionyesha tundu la pembeni ambalo watu huingilia kwenda kusafisha. Aliniuliza, "Wewe umeokoka?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Vizuri. Basi omba, na ukimaliza kuomba, pima. Mimi sitaki maiti hapa, ya mlevi wala ya mwombaji."

Kazi yangu ilikuwa kupima hewa. Tangi likishaondolewa mafuta hubaki tope zito chini, na tope hilo hutoa mvuke usioonekana, unaoweza kuua. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala chini. Kipimo chetu kilikuwa kisanduku chenye mpira mrefu. Niliuingiza tangini, nikapima juu, katikati, kisha chini kabisa, nikisoma namba kila mara. Namba zikionyesha usalama nilitia sahihi kwenye karatasi tuliyoiita kibali. Bila kibali, hakuna mtu kuingia. Ndivyo Fomeni alivyonifundisha, na ndivyo nilivyofanya miaka mingi.

Mkuu wa wasafishaji alikuwa Karisa, mwenzangu wa kanisani, mwenyeji wa Kaloleni kama mimi. Tulikuwa majirani huko Mjambere. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa buti, alivua kofia akaomba, nami nikasimama kando yake. Katika miaka yote hiyo hatukumpoteza mtu hata mmoja, na hatukuacha kumshukuru Mungu.

Fomeni alipostaafu tuliletewa Meneja wa Operesheni, mtu wa suti, mzee wa kanisa kubwa huko mjini. Asubuhi moja kipimo kilikuwa kimeharibika, kimepelekwa kutengenezwa. Meli ilikuwa imetia nanga ikisubiri kushusha mafuta, na tangi lilikuwa bado chafu. Meneja akaniwekea kibali mezani.

"Tia sahihi, mzee."

"Sijapima, bwana mkubwa."

"Jana si ulipima?"

"Hewa ya jana si ya leo. Tangi limepigwa na jua, tope limezidi kutoa mvuke."

Akacheka. "Kumbe nawe ni Mkristo wa Jumapili tu! Imani yako iko wapi? Mungu hawezi kuwalinda watu wake saa moja tu?"

Nikamwambia, "Mungu anaweza. Lakini karatasi hii haisemi Mungu anaweza. Inasema mimi nimepima."

Akaivuta ile karatasi akatia sahihi mwenyewe.

Nilimkimbilia Karisa, nikamshika mkono. "Ndugu yangu, usiingie. Hapajapimwa." Akatazama getini, ambako vibarua walikuwa wamejazana wakitafuta kazi. "Nikikataa mimi, ataingia mmoja wa wale, asiyejua hata pa kukanyaga," akasema. "Mungu atanilinda, Baba Kadzo." Akavua kofia, akaomba, akaingia. Hakupita muda tukasikia koleo lake likianguka. Tulipomtoa alikuwa ameshakata roho.

Mazishini, Mjambere, Meneja alipewa kipaza sauti. Akasema haya yalikuwa mapenzi ya Mungu, na kwamba Mungu amemlinda mtumishi wake na taabu za dunia hii. Watu wakaitikia Amina. Nami niliitikia. Hadi leo neno hilo linaniunguza mdomo. Mtu amesimama juu ya kaburi alilolichimba kwa kalamu yake, kisha anamsingizia Mungu, nami namwitikia!

Baada ya siku chache mjane wa Karisa, Mama Sidi, alikuja kwangu. Hakuketi.

"Baba Kadzo, karatasi ile alitia sahihi nani?"

Nikamwambia.

"Na wewe ulijua, ukasema Amina?"

Maofisa wa serikali wa mambo ya kazi walipokuja kuuliza, nilikuwa nimeshaonywa kwamba mwenye mdomo hatakuwa na kazi. Niliingia katika chumba cha mahojiano nikiomba kimoyomoyo, nikasema yote, tangu kipimo hadi kalamu. Meneja aliondolewa. Lakini wakubwa waliobaki hawakunisamehe. Walinitoa kwenye matangi wakanipeleka getini kuandika namba za malori, na huko nilikaa hadi kustaafu.

Wenzangu kanisani waliniuliza, kwa huruma au kwa kejeli sijui, ulinzi wa Mungu ulikuwa wapi. Kwa nini Karisa hakutoka mzima? Sijui. Nimemuuliza Mungu hilo kwa machozi, na bado namuuliza. Lakini najua jambo moja. Siku ile mezani, nikiwa na hofu na watoto wa kulisha, mkono wangu haukuishika kalamu ile. Na nilipoitikia Amina mazishini, Mungu alimtuma mjane anirudishe njiani. Nilikuwa napotea, nikalindwa nisipotee kabisa. Ulinzi huo ninaushuhudia popote.

Ule mwingine unaouzwa siku hizi sitaki hata kuusikia. Juzi mhubiri kijana, mgeni wetu, alisimama madhabahuni akawaambia vijana wetu, ambao wengi ni vibarua wa viwandani, kwamba mwenye imani hahitaji barakoa wala kamba ya usalama kiunoni. Ibada ilipokwisha nikamfuata hadi mlangoni.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba. Mtumishi, umewahi kuingia ndani ya tangi?"

"Hapana, baba."

Nikamwelekeza kwa Mama Sidi, aliyekuwa bado ameketi kwenye benchi lake.

"Basi nenda ukamwambie yule mama kwamba mumewe hakuwa na imani. Mimi nakungoja hapa."

Hakwenda. Alisimama pale mlangoni, Biblia mkononi, akitazama chini.