Ogari Hajawahi Kushika Usukani

Nyakerario wa Nyakoe alikuwa ameendesha lori la chai kwa muda mrefu kabla watu wa kwao hawajazoea kumwona akishuka kutoka kile kiti cha juu, sketi ya kanisani kiunoni na gambuti miguuni. Alichukua magunia ya chai kutoka kiwanda kimoja upande wa Nyamira, akayapeleka Mombasa, akarudi na mbolea au saruji, chochote mwenye lori alichopata.

Aliyemfundisha kazi hiyo alikuwa Mzee Okeyo, dereva mstaafu kutoka upande wa ziwa, aliyeendesha malori mpaka magoti yakakataa. Mafundisho yake hayakuwa na mpangilio. Angekuwa anatafuna muhindi wa kuchoma, halafu bila utangulizi aseme kwamba mteremko hushukwa kwa gia ile ile ambayo ungeupanda nayo, na kwamba dereva anayetoa gari kwenye gia ili kubana dizeli ataibana mpaka siku ya mazishi yake, na huko watu watakuja kwa gari linalotumia dizeli. Alimfundisha kugonga kila gurudumu kwa chuma kabla ya safari na kusikiliza, kwa maana mpira uliojaa upepo hulia kama ngoma, na uliolegea hulia kama godoro. Alimwambia atafute mahali pa kulala macho yakianza kuwasha, asingoje yaanze kufumba, kwa sababu yakishafumba hayampi mtu taarifa. Jambo moja tu ndilo alilolisema akiwa ameweka muhindi chini.

“Lori la mtu mmoja ni duka lisilo na mlango,” alisema. “Mtu yeyote barabarani asijue kwamba uko peke yako. Tafuta mtu wa kulala nyuma.”

Nyakerario alimwomba mwenye lori amwajirie tanboi, yaani msaidizi wa dereva. Mwenye lori akasema jambo hilo atalifikiria, na bado analifikiria. Basi Nyakerario akamtengeneza mtu mwenyewe. Alichukua koti kuukuu la marehemu baba yake, akalijaza magunia matupu, akalilaza kwenye kile kitanda chembamba nyuma ya viti na kulifunika pazia, akiacha gambuti kubwa za kiume zimejitokeza nje. Akampa jina la Ogari kwa sababu katika ukoo wao hakukuwa na mtu wa jina hilo ambaye angekasirika.

Kilichobaki kilikuwa sauti. Baba mdogo wake, Mzee Anyona, alikuwa na desturi ya kusinzia kitini kila akishiba, na mkoromo wake ulijulikana hadi ng'ambo ya mto. Ulianza chini kama jeki inayoinua mzigo, ukapanda kama lori linalotafuta kilele cha Kericho, ukakatika ghafla hata mtu akaanza kumsikitikia mjane, kisha ukarudi na mluzi. Alasiri moja Nyakerario alimtembelea, akangoja amalize ugali, akaurekodi wote kwenye simu.

Kifaa hicho hakikukawia kufanya kazi. Asubuhi moja, karibu na Mtito Andei, alisikia mtu akifungua kifuniko cha tangi la dizeli. Alichungulia kwenye kioo akamwona kijana amepiga magoti na mpira wa maji na mtungi. Nyakerario akabonyeza simu. Mkoromo ulipofika kileleni, kijana aliganda. Ulipokatika, aligeuka kutazama juu. Hapo Nyakerario akaizamisha sauti yake mpaka tumboni na kuuliza ni nani huko nje. Kijana alijibu kwa adabu kwamba ni mpita njia tu, akamwomba mzee radhi kwa kumkatiza usingizi, akarudisha kifuniko na kukikaza vizuri kuliko kilivyokuwa.

Kuanzia siku hiyo Ogari aliajiriwa rasmi. Nyakerario akinunua maji, alinunua chupa mbili. Akiulizwa na mtu kwenye mizani ya malori mwenzake yuko wapi, alisema ana malaria. Akiegesha, aligeuka kwanza na kumwambia kwa sauti ya kusikika kwamba anarudi sasa hivi. Ubaya ni kwamba mtu akishatajwa mara nyingi, watu huanza kumpenda. Kule Salgaa palikuwa na mwenye hoteli aliyeitwa Aketch, mwanamke mkarimu asiyeweza kuvumilia kusikia mtu amelala njaa. Kila Nyakerario alipokula hapo, Aketch alimfungia Ogari chapati na maini. Nyakerario hakuthubutu kuzikataa, wala hakulelewa kutupa chakula, kwa hiyo alizila zote barabarani, na sketi zake zikaanza kuomba vifungo vihamishwe.

Madereva nao walimjadili Ogari. Wengine walisema ni mgonjwa kweli. Wengi zaidi walisema ni mvivu, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona ameshika usukani. Mmoja wao alikuwa Obwocha wa Ogembo, aliyepeleka ndizi Nairobi. Mchana mmoja wa jua kali alimkuta Nyakerario amelala chini ya trela, uso umejaa grisi, akikaza bolti, na juu yake, ndani ya kabini, mwanamume anakoroma kwa raha zake. Obwocha alitikisa kichwa, akaondoka. Maneno aliyokuwa nayo aliyatunza vizuri, akayasema yote siku ya soko.

Kufikia jioni habari ilikuwa imefika Nyakoe kwamba Nyakerario anaishi na bwana ndani ya lori. Mama yake, Mokeira, hakuumizwa sana na neno bwana. Alikuwa amemwombea binti yake apate mume kwa miaka, na hakuwa amemwekea Mungu masharti ya mahali. Kilichomchoma ni kwamba huyo bwana alikuwa akilala huku mtoto wake akikaza bolti. Mzee Anyona, ambaye tangu kaka yake afariki ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba ile, alichomwa na jambo jingine: mtu amechukua binti yao, anasafirishwa bure mpaka pwani, na hajaleta hata mkia wa ng'ombe. Akaita wazee Jumapili.

Nyakerario alifika akidhani ni kikao cha shamba. Alipoelewa, alieleza wazi kwamba hakuna Ogari, ni koti na magunia. Wazee walimtazama kwa huruma. Mmoja alisema mapenzi yana mambo, siku hizi yanamfanya msichana amwite mumewe gunia. Mwingine alikumbusha kikao kwamba Obwocha alimsikia kwa masikio yake mawili, na gunia halikoromi.

Basi Nyakerario akaweka simu mezani na kubonyeza.

Mkoromo ukajaa sebuleni. Wazee walisogea. Mzee Anyona alifumba macho, akaegemea fimbo na kusikiliza mpaka mluzi wa mwisho, kama hakimu anayesikiliza shahidi asiyemwamini.

“Huyu ametoka nyumba isiyo na adabu,” alisema hatimaye. “Mtu aliyelelewa vizuri hakoromi hivi. Hata usingizini ana kiburi. Simtaki.”

Mkewe, Ruth, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliliweka chini polepole.

“Baba Joyline,” alisema, “huyo ni wewe.”

Mzee Anyona alisema hajawahi kukoroma, na kama angekoroma angejisikia. Ruth akajibu kwamba amelala ubavuni pa huyo Ogari tangu alipoolewa, na angemtambua hata katikati ya mvua ya mawe. Kikao kikagawanyika. Ikaamuliwa kwamba Mzee Anyona apewe chakula, ukweli utajitokeza wenyewe. Alipewa ugali na chinsaga, ile mboga ya kienyeji, iliyolala kwenye maziwa, akala huku akiapa kwamba leo hatafumba jicho. Ili kujilinda, akaanza kusimulia jinsi alivyonunua fahali kule Nyamira. Fahali hakufika nyumbani. Alipovuka mto wa kwanza, kidevu cha msimulizi kilikuwa kifuani, na jeki ikaanza kuinua mzigo.

Wakaweka simu kando yake na kuibonyeza. Wazee walisikiliza pande zote mbili kwa makini. Mmoja wao alisema tofauti aliyoiona ni kwamba simu inaheshimu watu, unaweza kuizima.

Mzee Anyona alipoamka na kuelezwa yote, hata habari ya mwizi wa dizeli, alinuna kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Kisha jambo likaanza kumwingia kwa upande mwingine. Aliuliza kama ni kweli yule mwizi wa dizeli aliomba radhi. Nyakerario akasema ndiyo. Akauliza kama aliomba kwa adabu. Nyakerario akasema kwa adabu kabisa. Mzee akanyoosha koti lake na kutangaza kwamba safari ijayo ataenda mwenyewe, aone ni kazi gani amekuwa akifanya.

Walipoondoka, alikalia kiti cha pembeni na Biblia mapajani. Hakusinzia hata kidogo. Kila kona aliigeuza pamoja na Nyakerario kwa mwili wake wote, na kila trela lililokuja mbele alilinyooshea mkono lisogee. Walipofika juu ya mteremko wa Sachangwan, aliomba ashushwe ateremke kwa miguu, wakutane chini. Nyakerario alimwambia atulie, akaingiza gia ndogo, na lori likashuka likinguruma polepole kama ng'ombe mzito anayepelekwa kisimani. Mzee alifumba macho kuomba, akayafumbua kuhakikisha maombi yanafuatwa, akayafumba tena, hivyo hivyo mpaka Salgaa.

Hapo Aketch alikuwa nje akipanga meza. Alimwona mwanamume akishuka kutoka lori la Nyakerario, akaweka mikono kiunoni.

“Ogari,” alisema. “Kwa hiyo umeamka.”

Madereva waliacha kula. Aketch alimpa maneno yote aliyokuwa amemwekea pamoja na chapati: kwamba mwanamke amezeeka kwenye usukani huku yeye akilala kama mfalme, kwamba malaria haidumu hivyo isipokuwa mtu ameipenda, kwamba hana aibu. Mzee Anyona alimgeukia Nyakerario, na Nyakerario akaanza kukagua taa ambayo haikuwa na kosa lolote. Mzee alifungua mdomo aseme jina lake halisi. Kisha akawaona wanaume wawili asiowajua wameketi meza ya mwisho, wanasikiliza sana, na akaelewa ingekuwaje kama binti wa kaka yake angeonekana hana Ogari.

Akapiga mwayo mrefu.

“Nimeamka,” alisema. “Chakula kiko wapi?”

Alipewa maini, na kabla hajanawa mikono Aketch akamkabidhi ndoo, sabuni na kitambaa, akimwambia mwanamume anayekula na asioshe hata kioo cha mbele hana tofauti na kupe. Mzee wa kanisa, baba wa watoto wakubwa, akapanda kwenye bampa na kuosha kioo kile, madereva wakimwonyesha kila alama ya mdudu aliyoiruka. Alipomaliza, walimpigia makofi. Alijaribu kuonekana amekasirika.

Alishukia Nakuru akapanda basi la kurudi, akisema majani yake ya chai yamekomaa. Aliwaambia wazee kwamba suala la ng'ombe lifungwe, na binti aachwe afanye kazi yake. Mokeira akauliza kama mtoto wake anaendesha vizuri. Akamjibu kwamba hajui, lakini yeye yuko hai.

Tangu hapo vijana wa Nyakoe wanaotaka kuwa madereva wa masafa marefu hutumwa kwa Mzee Anyona, na yeye huwashauri kwa kirefu, mguu juu ya mguu, kama mtu aliyefika Kongo. Akianza, huanzia kwenye kioo. Huwaambia mdudu aliyekauka hatoki kwa nguvu, alowekwe kwanza kwa maji ya vuguvugu, na kwamba asiyejua hilo asithubutu hata kuomba kazi.