Ngoma Safi Niliyoipeleka Kibakwe

Nilikwenda Kibakwe kwa sababu ya aibu ya kituo chetu. Pale chuoni Dodoma, tunakotafiti vyombo vya habari na utamaduni, tuna kabati zima la kaseti za ngoma walizorekodi vijijini walimu waliotutangulia, na wenye ngoma hawajawahi kurudishiwa hata wimbo mmoja. Hatimaye ikaamuliwa turudishe. Nikachaguliwa mimi, Mhehe, niende kwa Wagogo, watani zangu. Mkuu wa kituo alicheka mpaka akavua miwani.

Asubuhi niliondoka Miyuji na spika ndogo mkobani. Mpwapwa nikabadili gari, na baadaye barabara ikaanza kupanda. Ukavu wa Dodoma ukabaki chini. Huku juu mahindi yalikuwa bado mabichi, na baridi ilinifanya nijifunike kitenge. Nilifurahi kama mtoto anayepelekwa kwa bibi yake.

Kibakwe nilipokewa na dada Ester. Mama yake ni mmoja wa waliopiga muheme, ngoma ambayo kwa Wagogo hupigwa na wanawake, katika kaseti ya Kibakwe ambayo nakala yake nilikuja nayo. Mama huyo nilimkuta uani akichambua kunde.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Huyu Mhehe amekuja kutuibia ng'ombe?"

"Leo nachagua tu, Bibi. Nitawaswaga nikiondoka."

Tukacheka, na majirani wakajaa. Nikawasha spika. Ngoma ikalia safi kabisa, maana kituoni tuna programu ya kuondoa kelele, na kazi hiyo niliisimamia mwenyewe kwa majivuno. Vigelegele vikapigwa. Ester peke yake alikuwa ameinamia spika, anasubiri. Wimbo ukaisha.

"Baba yuko wapi?" akauliza.

Sikuelewa. Akanieleza kwamba siku ya kurekodi, baba yake alipita nyuma ya wapigaji akiwaita watu kwa sauti kubwa. Alifariki kabla wajukuu hawajazaliwa, na hakuacha hata picha. "Nimewaahidi wanangu kwamba leo watamsikia babu yao."

Sisi sauti hiyo tuliiona kelele, tukaifuta.

"Mtani," akasema, anatabasamu na machozi yanamtoka, "mmemla baba yangu."

Hapo hapo nikampigia Zawadi, mwenzangu kituoni, nikamuuliza kaseti yenyewe iko wapi.

"Zile orijino tumeshazitoa, dada. Zimo kwenye boksi koridoni, zinasubiri gari la taka."

"Likalie hilo boksi!"

"Nilikalie?"

"Likalie, Zawadi!"

Kurudi, sikuona mlima wala shamba. Nilisali njia nzima, mimi ambaye Jumapili huwa natafuta visingizio. Chuoni nilimkuta Zawadi koridoni, juu ya boksi kweli, anakula chipsi, na nikamkumbatia pamoja na chipsi zake. Kaseti kadhaa zilikuwa zimekatika utepe. Ya Kibakwe ilikuwa nzima.

Tukaicheza bila kusafisha chochote. Upepo, mbuzi, mtoto analia, mtu anakohoa, na katikati yake mwanamume anaita huku anacheka. Kigogo changu ni cha kuombea maji tu, lakini maneno yake niliyaelewa: njooni, ugali unapoa! Niliona haya, nikampenda mzee yule. Miaka yote nimefundisha utamaduni, na ilibidi niende Kibakwe nijifunze kwamba nilichokuwa nakiita kelele ni watu wakiwa nyumbani kwao. Siku hizi hatufuti kitu mpaka wenyewe wasikilize kwanza.

Nikampigia Ester, nikasogeza simu kwenye mashine. Mzee akaita. Nikasikia watoto wanauliza, "Ndiye babu?"

Kisha ikaja sauti ya Bibi, nyororo, sikuijua mara moja.

"Tunakuja, Baba Ester."