Majina ya Getini

Mlinzi wa soko letu la Baraka hafungui geti mpaka aite majina ya askari kumi na wawili waliokufa mbele ya macho yake kule Abisinia. Ni mwaka wa kumi na mbili sasa. Anayaita polepole, visigino vimegusana, kidole gumba kikisugua ufunguo. Jina lisipoitikiwa anaanza upya, na samaki wetu wanaoza. Basi sisi wachuuzi tuligawana wafu, kila mmoja jina lake. Mimi, mama wa watoto sita, ni kaporali. Juzi niliitika nikitafuna muhogo, akanifokea: “Umechelewa, Kaporali!”

Jana alikuja mama mgeni kutoka Kazimia, na kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani.

“Asukulu!” mlinzi akaita.

“Prezan!” yaani nipo, akaitika Mama Suzanne, muuza chumvi.

Mgeni akaangusha kikapu. “Asukulu iko bwana yangu. Niko namungojea tangu vita.”

Suzanne akamtazama. “Basi itika weye, dada. Miye nimechoka kumubeba.”

Mlinzi akaita tena. Mgeni akaitika. Kidole kikaacha kusugua ufunguo.

“Umechelewa, mama,” mlinzi akasema, akafungua geti. Majina saba yalikuwa bado.